Shangazi hajapewa mionzi ya thairoidi, dogo wa boda hajapewa sindano ya ubongo: tumeonewa au ndo utaratibu?

Kibamba_Kwetu:

Wakuu habari za jioni, naombeni wenye uelewa wa mambo ya hospitali mnisaidie mana hapa nyumbani kikao cha familia kimegeuka ugomvi. Tuna wagonjwa wawili kwa mpigo na wote wawili ndugu wanasema tumedhulumiwa, sasa kwa vile mimi ndo ninayeshinda kwenye mtandao nimetupiwa mzigo wa kuuliza.

Wa kwanza ni shangazi yangu, miaka hamsini na kidogo. Alikuwa na kivimbe shingoni muda mrefu sana tukijua ni rovu tu, mwisho akachomwa sindano wakavuta chembe, majibu yakaja saratani ya tezi ya thairoidi, aina ya papilari. Akafanyiwa operesheni, tezi yote ikatolewa kwa sababu upande wa pili nako kulikuwa na vinundu. Karatasi ya maabara baada ya operesheni inasema uvimbe ulikuwa sentimita 1.6, haujatoka nje ya tezi, na matezi ya pembeni (mitoki ya shingo) hayana kitu. Sasa kuna jirani yake aliugua ugonjwa huohuo miaka ya nyuma, yule alipelekwa kunywa ayodini ya mionzi akakaa kafungiwa chumba peke yake, leo mzima anauza vitumbua. Shangazi yeye kaambiwa hahitaji, ameze vidonge vyake kila asubuhi na arudi kliniki kwa tarehe. Mjomba kawaka! Anasema mtu ana saratani unamwambiaje nenda nyumbani kameze kidonge, hapo ama bima imegoma chini kwa chini ama wametuangalia viatu wakajua hatuna hela.

Wa pili ni dogo, mtoto wa mama mdogo, anaendesha boda. Kagongwa usiku na gari ndogo, helmeti kaitundika kwenye usukani kama kawaida yao. Alizimia kidogo, akapelekwa kituo cha afya, mara PF3 ya polisi, mara gari la wagonjwa halina mafuta, mpaka anafika hospitali kubwa imeshapita zaidi ya masaa manne. CT skani ikaonyesha damu kidogo kwenye ubongo, wakasema haifiki kupasuliwa, watamwangalia kwa karibu. Mama mdogo akaomba wamchome deksa (deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe), mana kaka yake aliwahi kuwa na uvimbe kwenye ubongo akachomwa hiyo na baada ya muda mfupi akawa anaongea. Wakakataa. Akaomba dripu ziongezwe, wakakataa. Akauliza ile sindano ya kukata damu, wakamjibu muda wake umeshapita. Yani kila akifungua mdomo ni hapana.

Nashukuru Mungu dogo anaongea na kaanza kunywa uji, na shangazi kidonda kimefunga. Ila daktari mmoja kijana alituambia "tafiti zinaonyesha hivyo" akakimbilia mgonjwa mwingine. Tafiti gani? Na walifanyiwa kina nani? Naomba majibu ya mtu anayejua, kejeli nimeshapata za kutosha nyumbani.

dalali_mbezi:

Mkuu hapo usijisumbue, toa kitu kidogo uone kama hiyo deksa haitapatikana. Nchi hii ninaijua mimi.

NesiWaUsiku:

Dalali ungejua deksa inauzwa bei gani usingeandika hivyo, ni kati ya dawa za bei rahisi kabisa kwenye duka la dawa, hakuna mtu atakayeficha deksa asubiri rushwa.

Kibamba pole sana. Nafanya kazi emajensi miaka mingi, ajali za boda ndo chakula chetu cha kila usiku, ngoja nikuelezee ya dogo, ya shangazi nawaachia wenyewe.

Kuhusu deksa, mama mdogo hajasema uongo, kaka yake alipewa na ilimsaidia, ila tatizo lake lilikuwa lingine. Ule uvimbe unaoota kwenye ubongo unazungukwa na maji, na hayo maji deksa inayapunguza vizuri sana. Mtu aliyegongwa kichwa naye ubongo unavimba, basi madaktari dunia nzima wakawaza kawaida tu kwamba kama inakausha kule itakausha na huku. Wakaitumia hivyo, yeye na ndugu zake wa kundi la steroidi, kwa zaidi ya miaka 30 bila mtu kuwa na uhakika. Ndo wakaja watafiti wa London School of Hygiene wakafanya utafiti mkubwa unaitwa CRASH, wagonjwa 10,008 walioumia kichwa, hospitali za nchi 49. Nusu walichomwa steroidi nusu wakachomwa sindano isiyo na dawa, na nani aingie kundi lipi ilikuwa ni bahati nasibu, hata daktari mwenyewe wa wodini hajui kachoma nini. Mwaka 2004 ikabidi wausimamishe kabla haujafika mwisho. Waliochomwa dawa walikufa asilimia 21.1 ndani ya wiki mbili, wasiochomwa asilimia 17.9. Yani kwenye kila wagonjwa 100 dawa iliongeza kama vifo vitatu ambavyo visingetokea. Sasa piga hesabu ni watu wangapi walichomwa miaka yote hiyo duniani na kila daktari akirudi nyumbani anaamini kaokoa. Mimi nilipofundishwa hii nilikaa kimya darasani kwa kweli.

Kwahiyo aliyemkatalia mama mdogo deksa hakumfanyia roho mbaya, kosa lake ni kutoeleza.

Sindano ya kukata damu, hiyo ni traneksami, na hapa wamekujibu sawasawa kabisa. CRASH-2 ya mwaka 2010 ilichukua majeruhi 20,211 wanaovuja damu, hospitali 274 nchi 40, vifo vikashuka kutoka asilimia 16 hadi 14.5. Mwaka uliofuata wakazichambua namba kwa masaa, wakakuta ukiichoma mapema, hasa saa la kwanza, inaokoa vizuri, ila ukivuka masaa matatu tangu ajali, vifo vya kuvuja damu vinaongezeka badala ya kupungua. Alafu wakarudi tena na CRASH-3 kwa ajili ya kichwa peke yake, matokeo 2019, wagonjwa 12,737, ikaonekana wanaonufaika ni walioumia kidogo na wastani waliowahi ndani ya masaa matatu, walioumia vibaya sana tofauti haikuonekana. Dogo kafika masaa manne yameshapita. Basi. Kama kuna wa kulaumiwa laumu hilo gari la wagonjwa na mwenye mafuta yake. Kwetu hapa mgonjwa akifika anatibiwa, PF3 itafuata nyuma, mtu asikuzungushe polisi na majeruhi yuko kwenye bajaji.

(Hiyo traneksami waliigundua Wajapani miaka ya 60, mama daktari Utako Okamoto na mumewe Shosuke, mama alikuwa na uchungu na wanawake wanaokufa kwa kutoka damu baada ya kujifungua. Nampenda sana huyu bibi.)

Dripu. Kichwa kikiumia hatutaki presha ishuke hata mara moja, kwahiyo presha ikishuka dripu tunaweka tena haraka, na tunaweka ya chumvi, hatuweki ya sukari kwa sababu maji yake yanakimbilia kwenye ubongo na kuuvimbisha. Lakini kama presha imesimama vizuri, kumjaza maji hakumuongezei kitu. Na kwa mtu aliyepigwa kisu au risasi kifuani au tumboni ndo kabisa, Houston kule Marekani mwaka 1994 walitoa majibu ya majeruhi 598, waliocheleweshewa dripu mpaka wafike chumba cha upasuaji walipona asilimia 70, waliojazwa dripu mapema asilimia 62. Maji yanaipunguzia damu nguvu ya kuganda, presha inapanda, lile bonge la damu lililokuwa limeziba linang'oka. Ila usiuchukue huo wa Houston ukaupeleka kwa mtu wa kichwa, ni wagonjwa tofauti kabisa.

Alama zake za GCS zilikuwa ngapi alipofika? Ile namba ya kupima fahamu, kati ya 3 na 15, itakuwa imeandikwa kwenye faili.

Msema_Kweli_77:

Nesi hongera kwa somo ila jiulizeni, hizo namba zote ni za wazungu, miili yetu na yao haifanani, hali ya hewa haifanani, hata damu. Na wakija huku kufanya hizo tafiti sisi ndo panya wao. Anagawiwa kwa bahati nasibu! Yani mtoto wako anapigiwa kura apone au asipone? Mimi fomu yao sisaini hata waje na malaika.

NesiWaUsiku:

CRASH-2 wagonjwa wengi walitoka India, Colombia na Nigeria kaka. Wazungu walikuwa wachache. Natoka zamu naenda kulala nitarudi.

mwana_wa_kilifi:

Hujambo nyote, mie ni wa Kilifi, nilipata kufanya kazi ya kukusanya data kwenye tafiti za hospitali, si daktari. Ndugu Msema Kweli hilo la panya nimelisikia mlangoni kwa watu mara nyingi mno na wala sikukasirika, maana mtu akishaona mgeni na karatasi ya kusaini wakati mtoto wake amezidiwa, ana haki ya kuogopa. Lakini hebu nikueleze jambo lililotokea kwetu huku huku, ndani ya Kenya, Uganda na Tanzania, na si la ajali, ni la watoto wenye homa kali na damu haizunguki vizuri, ila laingia kwenye swala lile lile la dripu.

Vitabu vyote vilisema mtoto wa namna hiyo mjaze maji haraka haraka kwenye mshipa, ndivyo ilivyofanywa Ulaya na Marekani na ilionekana kama jambo lisilohitaji kuulizwa. Profesa Kathryn Maitland na wenzake, Kilifi ikiwemo, wakaanzisha utafiti wa FEAST mwaka 2009. Watoto 3,141. Kundi moja maji ya chumvi kwa haraka, kundi la pili albumini (maji yenye protini ya damu) kwa haraka, kundi la tatu matibabu mengine yote wanapata isipokuwa yale maji ya haraka. Mwanzoni mwa 2011 ukasimamishwa. Ndani ya masaa 48 waliojazwa maji walifariki asilimia 10.5 na 10.6, wasiojazwa asilimia 7.3. Wakubwa wa dunia hawakuamini! Wakatafuta kila kasoro, ikachambuliwa ikarudiwa kuchambuliwa, na namba ziko pale pale.

Sasa niambie, ni nani hapo alikuwa panya? Kura ile haikuwa ya nani apone, ilikuwa kwamba hakuna ajuaye kipi ni bora, na kwa kweli watu wengi kabla ya hapo walidhani kundi lisilojazwa maji ndilo lililoonewa, kumbe ndilo lililosalimika zaidi. Na ule utafiti wa wazungu peke yao usingetujibu, kwa sababu hospitali zetu za wilaya hazina mashine za kupumulia wala vitanda vya ICU, mtoto wa Ulaya akizidiwa na maji yupo wa kumshika, wa Mbale au Muheza hana. Hapo wewe mwenyewe wasema miili haifanani, basi si ndiyo sababu ya kufanyia huku?

Kuhusu fomu. Mtu mzima mwenye fahamu, haki yake ni kuelezwa kwa lugha anayoielewa, kuuliza hadi achoke, kukataa, na hata akikubali leo kesho anaweza kutoka na matibabu yake ya kawaida yaendelee. Pasiwe na mtu wa kumnunia. Kila utafiti lazima uwe umepita kamati ya maadili, Tanzania muulize kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, Kenya iko kamati ya KEMRI, taasisi kama hiyo ya huko, na za vyuo, na kwenye ile karatasi ya maelezo huwa pameandikwa simu ya kamati, si ya mtafiti peke yake. Kwenye dharura mambo ni magumu zaidi, kama huyu dogo wa boda angekuwa amezimia na ndugu hawapo, zipo tafiti zinazoruhusiwa na kamati kuanza na ridhaa ikaombwa baadaye, FEAST nayo ilifanya hivyo kwa wazazi waliokuwa hawako katika hali ya kusikiliza karatasi ndefu. Hilo watu wanabishana nalo hadi leo na mie sioni vibaya wabishane. Ila deksa kwa majeruhi ingekuwa ikichomwa hadi kesho kama kila mtu angekataa.

Bi_Tezi_Tanga:

Nimechelewa kuuona huu uzi. Kibamba mpe pole shangazi, na umwambie kwanza hongera, karatasi yake ya maabara ni nzuri mno, mimi yangu ningeipata hiyo ningepika pilau.

Mimi ni papilari vilevile lakini langu lilikuwa limeshaingia kwenye matezi ya shingo, kwahiyo mionzi nilipewa, hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar. Nakueleza ilivyo ili mjomba ajue anachomdai daktari. Kabla ya kwenda nilikatazwa chumvi yenye madini joto na vyote vya baharini, sasa fikiria mtu wa Tanga umwambie asile samaki wala dagaa wala pweza, nilikula ugali na mboga zisizo na ladha hadi nikawa natukana. Unaachishwa na vidonge vya homoni muda kidogo, mwili unakuwa mzito, unalala, unavimba uso, unasahau hadi jina la mtoto. Alafu unakunywa dawa yenyewe unabaki chumba cha peke yako, chakula kinaachwa mlangoni, watoto wadogo na wajawazito hawakusogelei hata ukirudi nyumbani. Tezi za mate zikavimba, na mpaka leo mdomo unanikauka nikila mkate mkavu sharti niwe na maji. Kwa aliye kijana anaambiwa asibebe mimba miezi sita hadi mwaka. Kwangu ilistahili na nashukuru niliipata. Lakini mtu asiidhanie ni soda.

Inafanya hivi: tezi ya thairoidi ndo kiungo kinachonyonya ayodini mwilini, ukimpa mtu ayodini 131 yenye mionzi inakwenda moja kwa moja pale na kuchoma chembe za thairoidi popote zilipojificha. Tabia hiyohiyo ndo iliyowaponza watoto wa kule Chernobyl mwaka 1986, walikunywa maziwa ya ng'ombe waliokula majani yenye ayodini hiyo, saratani ya thairoidi ikapanda kwa watoto.

Sasa zamani ilikuwa kila aliyetolewa tezi kwa saratani anaongezewa mionzi, na dozi kubwa, ndo enzi za huyo jirani wa vitumbua. Mwaka 2012 Wafaransa na Waingereza wakatoa tafiti mbili kwa pamoja, dozi ndogo ya gigabekereli 1.1 (ndo kipimo cha mionzi) ikafuta mabaki sawa na ile kubwa ya 3.7. Hapo ndo wakajiuliza, kama ndogo inatosha, je tukiacha kabisa kwa wale wenye hatari ndogo? Ufaransa wakachukua watu 776, uvimbe usiozidi sentimita 2, matezi hayana kitu, tezi yote imetolewa. (Kibamba soma tena karatasi ya shangazi alafu uisome tena hii sentensi.) Nusu wakapewa mionzi dozi ndogo, nusu wakaachwa wanafuatiliwa tu. Baada ya miaka mitatu wasiopata tatizo lolote walikuwa asilimia 95.9 waliopewa na asilimia 95.6 walioachwa. Ilitoka 2022, jina lake ESTIMABL2. Uingereza nao wamefanya wa kwao, watu 504, majibu 2025, yanaelekea hukohuko.

Mjomba aelewe hivi: shangazi hajafungiwa mlango. Akifuatiliwa ikaonekana kitu, mionzi bado ipo na atapewa. Ambacho angekipoteza akipewa leo bila sababu ni mate yake na hela ya nauli na malazi.

Yupo atakayesema miaka mitatu ni michache, na kweli papilari inaweza kujirudia hata baada ya miaka mingi, ndo maana kliniki haina mwisho. Akiacha kliniki hapo ndo mjomba awake.

Kibamba_Kwetu:

Bi Tezi Mungu akuweke, nimemsomea mjomba kwa sauti, amenyamaza alafu akauliza hao walioachwa asilimia nne wasiokuwa sawa walikufa? Pia binamu zangu wa kike wote sasa wamepata hofu, wanataka Jumamosi twende kundi zima tukapimwe shingo kwa ultrasaundi, kuna sehemu wanapima kwa bei ya ofa. Niwapeleke?

Nesi, GCS waliandika 14.

Bi_Tezi_Tanga:

Hapana hawakufa, hiyo asilimia nne ni pamoja na kipimo cha damu kupanda au ultrasaundi kuonyesha kitezi cha kuangaliwa. Na waliopewa mionzi nao walikuwa nayo hiyohiyo asilimia nne, mwambie mjomba aione pande zote mbili.

Ya ultrasaundi ya ofa, usiwapeleke! Nisikilize. Korea Kusini mwaka 1999 serikali ilianza kupima watu saratani kadhaa, thairoidi haikuwemo, ila hospitali zikawa zinakuambia ongeza hela kidogo tukupitishie mashine shingoni. Watu wakaongeza. Kufika 2011 wanaogunduliwa saratani ya thairoidi walikuwa mara 15 ya mwaka 1993, zaidi ya watu 40,000 kwa mwaka mmoja, karibu wote wakapasuliwa. Waliokufa kwa ugonjwa huo idadi yao haikubadilika, ilikuwa ileile ya kabla ya kupima. Maana yake walikuwa wanaokota vidoa ambavyo mtu angezeeka navyo akafa kwa kitu kingine bila kujua anacho. Lakini kupasuliwa kulibaki kupasuliwa, kuna waliopoteza sauti kwa mshipa wa fahamu kuguswa, kuna walioharibikiwa vile vitezi vidogo vya kalsiamu wakawa wanameza kalsiamu maisha yote. Madaktari wao wenyewe walipopiga kelele 2014, operesheni zikashuka karibu theluthi ndani ya mwaka.

Japani wao walikuwa wajanja mapema. Hospitali ya Kuma kule Kobe tangu 1993 wenye papilari isiyofika sentimita moja wanapewa nafasi ya kuachwa bila kisu, wanaangaliwa kwa ultrasaundi. Walipotoa taarifa ya watu 1,235, kwa miaka kumi ambao uvimbe wao ulikua kwa milimita tatu au zaidi ni kama asilimia 8, iliyoingia kwenye matezi asilimia 3.8, na aliyekufa kwa saratani hiyo hakuna hata mmoja. Marekani jopo lao la vipimo lilitoa msimamo 2017 kwamba mtu mzima asiye na dalili asipimwe saratani ya thairoidi.

Binamu mwenye kivimbe anachokigusa au kinachokua haraka, sauti imekwaruza haiponi, anakabwa akimeza, huyo aende hata leo. Na wale waliopigwa mionzi shingoni utotoni, au wenye ndugu mwenye ile aina ya medula inayotembea kwenye ukoo. Papilari ya shangazi mmoja haiwapeleki watu kumi kwenye foleni ya ofa.

Shangazi naye mwambie kidonge chake cha levothairoksini ameze asubuhi tumbo tupu na maji, chai angoje nusu saa au zaidi, na kama anapewa kalsiamu au vidonge vya kuongeza damu aviweke mbali masaa manne, mimi hili niliambiwa na mgonjwa mwenzangu kwenye benchi. Na akisikia ganzi midomoni au vidole vinakaza, asisubiri tarehe ya kliniki, arudi, hiyo ni kalsiamu imeshuka. Kliniki waulize wanampima TSH na thairoglobulini (vipimo vya damu, cha kwanza kuona dozi ya kidonge, cha pili kuona kama chembe za thairoidi zimebaki), ayaandike majibu kwenye daftari lake mwenyewe mana mafaili yanapotea.

Msema_Kweli_77:

Bado sisaini. Ila hiyo ya Korea nimeipenda.

dalali_mbezi:

Mimi hiyo ofa ya ultrasaundi nilikuwa nishamlipia mama watoto 😅

mwana_wa_kilifi:

Dalali rudi udai pesa zako, wewe si ndiye waijua nchi hii.

NesiWaUsiku:

Nimeamka. 14 ni nzuri, na kama anaongea na anakula ndo hivyo mnaelekea nyumbani. Sasa sikiliza mambo ya kuangalia akisharuhusiwa, mana hapa ndo huwa tunawapoteza. Awe na mtu wa kulala naye chumba kimoja siku za mwanzo. Kichwa kikianza kuuma na kuzidi badala ya kupungua, akitapika tapika, akiwa anasinzia hata kumwamsha kazi, akianza kuongea pumba, degedege, mkono au mguu mmoja kulegea, mboni moja ya jicho kuwa kubwa kuliko nyingine, maji maji meupe yakitoka puani au sikioni, mnarudi usiku huohuo. Msimpe diklofenaki wala aspirini za dukani, apewe panadoli. Pombe hapana. Na boda asipande mpaka daktari aseme, hata kama anakuambia yuko fiti, hawa wote huwa wanasema wako fiti, wanasahau vitu, wanakuwa na hasira za haraka, mwanga unawaumiza, inaweza kuchukua wiki kadhaa na bosi wa pikipiki anapiga simu anataka hesabu.

Mama mdogo asiende kununua deksa mtaani akamchomea nyumbani. Naandika hivi kwa sababu nimeshaona.

Kibamba_Kwetu:

Nesi umejuaje, kulikuwa na kichupa kwenye pochi yake tayari. Nimekichukua.